Tathmini ya Oestrogel na Utrogestan: jeli ya pampu na kapsuli yake ya usiku

Tuanze na hukumu, maana wengi wanaotafuta maelezo haya wamekesha wakigeuza mto na kubadilisha shuka zilizolowa. Oestrogel, jeli ya homoni ya estrojeni inayopakwa ngozini kutuliza dalili za komahedhi, ni dawa nzuri. Kwa mwanamke ambaye joto linampanda kifuani hadi usoni mara kadhaa kwa siku, usingizi umemkimbia na kichwa kimeanza kupoteza hata majina ya majirani, tungeiweka mbele ya vidonge vya estrojeni. Na kwa anayeishi kwenye jasho la Tanga au Mombasa, tungeiweka hata mbele ya viraka vya kubandika. Lakini kwa mwenye kizazi, chupa hiyo peke yake ni nusu ya dawa. Nusu ya pili ni projesteroni, homoni inayolinda kizazi, na kapsuli ya Utrogestan ndiyo tunayoipendelea. Anayenunua chupa akaacha kapsuli anajitafutia hatari ambayo hakuwa nayo kabla ya kuanza tiba.

Malalamiko mengi kuhusu jeli hii, kwamba haisaidii, kwamba inanata, kwamba ilisaidia mwezi mmoja ikaacha, chanzo chake ni namna inavyopakwa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya tathmini hii itakuwa juu ya ngozi, mikono na saa.

Kabla ya kufungua boksi

Komahedhi huhesabiwa mwanamke anapotimiza miezi 12 mfululizo bila hedhi, na kwa wengi hutokea kati ya miaka 45 na 55. Dalili hazingoji siku hiyo. Huanza miaka kadhaa kabla, hedhi zikiwa bado zinakuja kwa kuruka-ruka, kwa sababu ovari zinazokaribia kuishiwa mayai hazipunguzi estrojeni polepole na kwa utaratibu: mwezi huu inapanda kupita kawaida, mwezi unaofuata inaporomoka. Sehemu ya ubongo inayolinda joto la mwili inakuwa nyepesi kushtuka. Ongezeko dogo la joto, ambalo zamani lisingehisiwa, linaufanya mwili ufungue mishipa ya ngozi na kumwaga jasho kama la mtu aliyekimbia. Baada ya dakika chache jasho linapoa na baridi inaingia.

Ushauri wa "vumilia, itapita" hautoshi. Utafiti wa Marekani uitwao SWAN, uliowafuatilia wanawake kwa miaka mingi, ulikuta kwamba nusu ya waliosumbuliwa mara kwa mara na joto hili walikaa nalo zaidi ya miaka 7.4. Kwa Wamarekani Weusi, nusu ilipita miaka 10.1. Miaka kumi ya kulala vibaya ni sehemu kubwa ya maisha ya mtu, tena wakati yuko kazini, analea na kuuguza wazee.

Aliyevuka miaka 45, mwenye dalili hizi na hedhi iliyovurugika, kwa kawaida hahitaji kulipia kipimo cha homoni. Kipimo cha FSH, homoni ya kuamsha ovari, katika kipindi hiki hupanda na kushuka wiki hadi wiki, na majibu ya leo yanaweza kupingana na ya mwezi ujao. Fedha hiyo itumike kupima presha, sukari, na mlango wa kizazi. Kwa aliye chini ya miaka 40 mambo ni tofauti kabisa: hedhi kukoma mapema hivyo inahitaji uchunguzi, na tiba ya homoni hupendekezwa hadi karibu miaka 50 ili kulinda mifupa na moyo, hata kama joto halimsumbui.

Na jasho la usiku si la komahedhi tu. Kwetu, jasho pamoja na homa lipimwe malaria kwanza. Jasho pamoja na kikohozi cha wiki mbili na zaidi au mwili kukonda lipimwe kifua kikuu. Jasho pamoja na moyo kwenda mbio na mikono kutetemeka linaweza kuwa tezi ya shingo. Ishara inayotusaidia kutofautisha ni hii: joto la komahedhi huja ghafla, hupanda kutoka kifuani kwenda kichwani, huisha ndani ya dakika chache, na kipimajoto hakionyeshi homa.

Kilichomo ndani ya chupa

Oestrogel inatengenezwa na Besins Healthcare. Ni jeli yenye estradioli (aina ya estrojeni) asilimia 0.06, na estradioli hiyo ni ileile kwa umbo na homoni inayotengenezwa na ovari. Kila mkandamizo mmoja kamili wa pampu hutoa gramu 1.25 za jeli, ndani yake miligramu 0.75 za estradioli. Chupa ya gramu 80 hutoa mikandamizo 64. Dozi ya kuanzia inayotumika sana Uingereza ni mikandamizo miwili kwa siku, yote mara moja, yaani chupa moja kwa siku 32. Daktari anaweza kumwanzisha mtu na mkandamizo mmoja, hasa mwenye historia ya kichefuchefu au matiti kuuma, na anaweza kupandisha hadi mikandamizo minne. Marekani bidhaa hii huuzwa kwa jina la EstroGel, na huko dozi ya kawaida ni mkandamizo mmoja. Tunalitaja hili kwa sababu dawa nyingi hufika Afrika Mashariki ndani ya mizigo ya ndugu: mmoja anafuata karatasi ya Marekani, mwenzake ya Uingereza, kisha wanabishana nani anakosea wakati kila mmoja anafuata maelekezo yake.

Jeli hazilingani. Sandrena, kwa mfano, huja kwenye vipakiti vya miligramu 0.5 au 1, na ukali wake ni asilimia 0.1. Huwezi kukadiria kwa macho kiasi cha jeli moja ukakifananisha na nyingine. Pia zipo jeli za testosteroni za wanaume, nazo zina chupa za pampu. Soma jina la homoni, usiangalie umbo la chupa.

Chupa mpya haitoi dozi kamili papo hapo. Kandamiza mara moja au mbili hadi jeli itokee, kisha tupa huo mkandamizo wa kwanza uliotoka kwa sababu huenda umepungua. Mwisho wa chupa nako kuna mtego: baada ya mikandamizo 64 bado utaona jeli imebaki chini na pampu inatema kidogo. Hiyo si dozi. Wengi wanaosema dawa iliisha nguvu mwishoni mwa mwezi walikuwa wanakamua masalio. Andika kwa kalamu ya wino kwenye chupa tarehe uliyoanza, hesabu siku 32 kama unatumia mikandamizo miwili, na siku ya 33 fungua mpya.

Kupaka

Hapa ndipo dawa hii inapofaulu au kushindwa. Ngozi iwe safi, kavu kabisa, isiyo na kidonda wala upele. Kamulia jeli kiganjani, kisha uitandaze kwenye nje ya mkono kuanzia kifundo hadi bega, au sehemu ya ndani ya mapaja. Itandaze iwe nyembamba na pana. Usiisugue kama mtu anayechua misuli. Jeli iliyorundikwa kwenye sehemu ndogo kama kiganja hukauka na kuacha gamba linalonata, ndilo watu wanalolilalamikia. Isipakwe kamwe kwenye matiti, usoni, wala sehemu za siri.

Ngoja dakika tano ikauke kabla ya kuvaa nguo au kujifunga kanga. Kisha nawa mikono kwa sabuni.

Baada ya hapo, kwa muda wa saa moja sehemu ile isioshwe, isipakwe kitu kingine, wala isigusane na ngozi ya mtu mwingine. Saa hiyo moja ndiyo ngumu kuliko yote katika maisha yetu ya kila siku.

Kwanza, mafuta. Wanawake wengi wa kwetu wakitoka kuoga hujipaka losheni, mafuta ya nazi au vaselini mwili mzima, ndipo wanakumbuka dawa. Mafuta yaliyotangulia hubadilisha namna jeli inavyopenya ngozini, na hakuna anayeweza kukuambia kiasi gani kimeingia. Geuza mpangilio: oga, jikaushe, paka jeli kwenye mapaja, ngoja ikauke, paka mafuta sehemu zingine zote, na mapaja uyapake mafuta baada ya saa moja kupita, au usiku ukipenda.

Pili, udhu. Anayepaka mikononi saa sita na nusu mchana, kisha akatawadha kwa ajili ya Adhuhuri, ameosha sehemu ya dawa hadi kwenye viwiko. Kwa mwenye kuswali, mapaja ni mahali pazuri zaidi, au apake baada ya Isha anapojiandaa kulala. Wakati wowote wa siku unafaa, mradi uwe uleule kila siku.

Tatu, wajukuu. Mtoto anayebebwa kwenye mkono wenye jeli mbichi anaweza kupata homoni kupitia ngozi, na kwa mtoto mdogo hata kiasi kidogo si jambo la kupuuza: matiti kuvimba kabla ya umri ni tatizo linalofahamika kwa watoto waliogusana na estrojeni ya kupaka. Bibi anayeogesha na kubeba watoto apake mapajani, avae, na anawe mikono kabla hajamshika mtoto. Mume naye asigusane na sehemu hiyo kwa saa moja. Hata paka wa nyumbani wasilalie paja lililopakwa.

Nne, moto. Jeli ina alkoholi nyingi na inashika moto hadi ikauke. Usipake ukiwa umesimama karibu na jiko la mkaa, wala usijifukize udi kwenye chetezo ndani ya dakika zile tano.

Ukisahau dozi, angalia saa: kama zimebaki zaidi ya saa 12 hadi dozi inayofuata, paka sasa. Kama zimebaki chini ya hizo, iache, upake kwa wakati wake. Usipake maradufu kufidia.

Na kama daktari ameagiza damu ipimwe estradioli, usitoe damu kwenye mkono unaopakwa jeli. Sindano inaweza kuvuta masalio ya juu ya ngozi, majibu yakaonyesha kiwango kikubwa ambacho hakipo mwilini, na dozi ikapunguzwa bila sababu. Ni kosa dogo la maabara lenye gharama kubwa kwa mgonjwa.

Utrogestan, na kwa nini haiachwi

Estrojeni hukuza ukuta wa ndani wa kizazi. Zamani, kila mwezi projesteroni ya ovari iliutuliza ukuta huo, kisha hedhi ikauondoa. Ukileta estrojeni peke yake mwaka hadi mwaka, ukuta unanenepa bila wa kuuzuia, na kunenepa huko kunaweza kugeuka saratani. Utrogestan ina projesteroni iliyosagwa ikawa laini sana ili iweze kufyonzwa tumboni, nayo pia ni sawa na ya mwili.

Namna za kuitumia ni mbili, na kuzichanganya ndiko kunakoleta hofu. Ambaye bado anaona hedhi, au imekoma chini ya mwaka, kwa kawaida hupewa mpango wa mzunguko: jeli kila siku, na kapsuli mbili za miligramu 100, jumla 200, kila usiku kwa usiku 12 hadi 14 za kila mwezi. Akimaliza kapsuli, hutarajiwa kutoka damu kama ya hedhi. Haya aelezwe mapema. Asiyeambiwa hudhani ameharibika, huacha dawa, au anashindwa kujua afanye nini na swala na saumu yake. Ambaye hedhi imekoma mwaka na zaidi hupewa mpango wa kuendelea: kapsuli moja ya miligramu 100 kila usiku, na lengo ni asitoke damu kabisa.

Anayepandishiwa jeli hadi mikandamizo mitatu au minne asikae na projesteroni ileile bila kuuliza. Estrojeni nyingi huhitaji ulinzi mkubwa zaidi wa kizazi. Hilo husahaulika mara nyingi dozi inapopandishwa kwa simu.

Kapsuli humezwa wakati wa kulala, tumbo likiwa tupu. Chakula huongeza kiasi kinachoingia kwenye damu, na matokeo yake ni kizunguzungu na usingizi mzito kupita kiasi. Mwezi wa Ramadhani, usiimeze mezani pamoja na futari. Ngoja hadi unapokwenda kulala. Usingizi huu kwa wengi ni zawadi, na ndiyo sababu tunaipenda kuliko projestini nyingine (dawa zinazofanya kazi kama projesteroni), lakini anayeamka saa kumi alfajiri kuendesha gari awe mwangalifu wiki za kwanza. Utrogestan ina lesithini ya soya, kwa hiyo mwenye mzio wa soya amwambie mfamasia. Prometrium, ambayo ni projesteroni ya aina hiyohiyo inayouzwa Marekani, ina mafuta ya karanga, na mwenye mzio wa karanga asiiguse.

Aliyetolewa kizazi kwa kawaida haihitaji projesteroni. Aliyewekewa kitanzi chenye homoni cha Mirena naye analindwa nacho, kwa miaka mitano tangu kilipowekwa. Krimu za projesteroni za kupaka zinazouzwa mitandaoni haziaminiki kulinda kizazi, hata kama bango linasema ni za asili.

Jambo moja linalowashangaza wengi: jozi hii si uzazi wa mpango. Kama hedhi ya mwisho ilikuja kabla ya miaka 50, kinga ya mimba iendelee kwa miaka miwili. Kama ilikuja baada ya miaka 50, mwaka mmoja.

Matokeo ya kutarajia, na damu

Joto huanza kupungua ndani ya wiki chache, lakini dozi isihukumiwe kabla ya miezi mitatu. Matiti kuuma, tumbo kujaa, kichwa kuuma kidogo ni mambo ya wiki za mwanzo, na yakiendelea kupita miezi mitatu mara nyingi kupunguza mkandamizo mmoja hutosha. Wapo ambao ngozi yao haipitishi jeli vizuri hata wakifuata kila hatua. Kwa hao, kiraka au aina nyingine hujaribiwa, na hawana la kujilaumu.

Matone ya damu katika miezi mitatu hadi sita ya kwanza ni ya kawaida. Damu nyingi, au inayoendelea baada ya miezi sita, au inayoanza upya baada ya muda mrefu wa ukavu, ipelekwe hospitali. Na aliyekaa mwaka bila hedhi akaona damu kabla hajaanza dawa yoyote asianze jeli mpaka achunguzwe. Kwetu sababu ya msisitizo huu ni nzito: saratani ya mlango wa kizazi ni miongoni mwa zinazoua wanawake wengi zaidi Afrika Mashariki, na damu baada ya komahedhi ni mojawapo ya ishara zake. Kuitaja kuwa "homoni zinarudi" ni kupoteza muda ambao mgonjwa hana.

Ikilinganishwa na vidonge, viraka na mitishamba

Hofu ya dawa za homoni ina chanzo chake. Julai 2002 sehemu moja ya utafiti wa Marekani uitwao Women's Health Initiative ilisimamishwa baada ya kuonekana saratani ya matiti, kiharusi na damu kuganda kwa wingi zaidi kwa waliotumia dawa. Wanawake walikuwa 16,608, wastani wa umri miaka 63, yaani wengi wao walianza miaka mingi baada ya hedhi kukoma. Dawa yenyewe ilikuwa vidonge vya estrojeni iliyotolewa kwenye mkojo wa farasi wenye mimba, pamoja na medroksiprojesteroni, homoni iliyomo kwenye sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu. Matokeo hayo hayawezi kuchukuliwa yalivyo na kubandikwa kwa mama wa miaka 50 anayepaka estradioli ngozini. Novemba 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitangaza kuanza kuondoa onyo kali lililokuwa kwenye maboksi ya dawa hizi.

Kidonge cha estrojeni hupita kwanza kwenye ini, na ini huongeza vitu vinavyogandisha damu. Jeli huingia kwenye damu moja kwa moja kupitia ngozi, na kwa dozi za kawaida haijaonekana kuongeza hatari hiyo. Kwa mnene, mwenye kipandauso, mwenye kisukari au presha iliyodhibitiwa, tofauti hii ndiyo sababu ya kutumia fedha zaidi. Hatari ya saratani ya matiti haifutiki: kwa tiba yenye homoni mbili kuna ongezeko dogo linalokua kadiri miaka ya matumizi inavyoongezeka. Jipime matiti, na usikose uchunguzi.

Viraka kama Evorel hubadilishwa mara mbili kwa wiki, hubandikwa chini ya kiuno au kwenye makalio. Ni raha kwa mtu msahaulifu. Ila jasho, mafuta ya ngozi na unyevunyevu wa pwani huving'oa pembeni, na joto kali juu ya kiraka linaweza kuongeza kasi ya dawa kuingia. Nairobi au Mbeya vinakaa vizuri. Dar mwezi wa pili, tungechagua jeli.

Uwatu, habat soda, mlonge na soya tunavila jikoni na hatuna ugomvi navyo, lakini havijathibitishwa kuzima joto la komahedhi kwa kiwango cha estrojeni. Vidonge vya mmea wa black cohosh vimehusishwa na taarifa za ini kuumia. Dawa ya mmea uitwao St John's wort ndiyo tunayoikataza kwa sauti: hupunguza nguvu ya baadhi ya ARV, ya vidonge vya uzazi wa mpango na ya dawa za kuzuia damu kuganda. Kwa asiyeweza kutumia homoni zipo dawa za hospitali zisizo za homoni, kama venlafaksini na gabapentini kwa dozi anazopanga daktari. Nyingine mpya, Veozah, iliidhinishwa Marekani Mei 2023, miligramu 45 kwa siku, nayo huhitaji vipimo vya ini.

Ukavu ukeni ni suala la peke yake

Jeli ya mkononi haifiki kila mahali. Wapo ambao joto limeisha, usingizi umerudi, lakini tendo la ndoa linauma na mkojo unachoma kila mwezi huku vipimo vikisema hakuna maambukizi. Hapo inahitajika estrojeni ya ukeni: kidonge kidogo cha Vagifem cha mikrogramu 10 kila usiku kwa wiki mbili, kisha mara mbili kwa wiki, au krimu ya Ovestin kwa mpango unaofanana. Kiasi kinachoingia kwenye damu ni kidogo mno, ndiyo maana haihitaji projesteroni, na inaweza kutumika pamoja na Oestrogel. Ukiiacha, ukavu hurudi. Sabuni za manukato, kujisafisha ndani na kujifukiza vikomeshwe, vinakausha na kuchoma. Mafuta ya nazi hulainisha, ila hupasua kondomu za mpira.

Asiyefaa kuitumia

Mwenye saratani ya matiti au aliyewahi kuwa nayo, mwenye damu isiyojulikana chanzo, mwenye damu iliyoganda miguuni au mapafuni, aliyepata kiharusi au mshtuko wa moyo karibuni, na mwenye ugonjwa mkali wa ini wasianze bila daktari bingwa. Mwenye uvimbe wa faibroidi, ambao ni wengi kwetu, anaweza kutumia, lakini uvimbe unaweza kukua tena, hivyo apimwe kwa altrasaundi kabla na afuatiliwe. Rifampisini ya kifua kikuu na dawa za kifafa kama karbamazepini na fenitoini hupunguza homoni mwilini. Estrojeni nayo inaweza kupunguza nguvu ya lamotrijini, dawa nyingine ya kifafa, na degedege likarudi. Taja kila dawa unayomeza, pamoja na zile za kliniki ambazo hupendi kuzitaja mbele za watu.

Kununua

Swahiba zetu walioko England wana cheti cha malipo ya mwaka cha dawa za komahedhi tangu Aprili 2023, kinachogharimu sawa na ada ya dawa mbili tu za kuandikiwa na daktari. Uskoti, Wales na Ireland Kaskazini halipwi kitu. Kwa Tanzania na Kenya, kabla ya kununua chupa ya kwanza muulize mfamasia kama anaweza kuileta kila mwezi, maana kuanza na kukatiza kunarudisha joto na kuleta damu ovyo. Nunua iliyosajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania, au na Bodi ya Famasia na Sumu ya Kenya, boksi liwe limefungwa, tarehe ionekane. Usiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani.

Boksi la Utrogestan la kapsuli 30 huisha siku mbili kabla ya chupa ya siku 32, na hapo ndipo wengi huteleza: jeli ipo, kapsuli hakuna, siku mbili zinakuwa wiki, wiki zinakuwa miezi. Usiku mmoja au miwili bila kapsuli hauna madhara makubwa. Kapsuli zikikosekana famasia zote kwa zaidi ya wiki mbili, mpigie daktari akubadilishie projestini nyingine, na usiendelee na jeli peke yake ukisubiri mzigo.